Kidonge cha melatonini hakitibu usingizi uliopaa kwa miezi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie melatonini, homoni ya usiku inayouzwa kama kidonge cha usingizi. Chupa zake zinafika mitaani kwetu ndani ya masanduku ya ndugu wanaorudi kutoka Marekani, nyingine zinaagizwa mtandaoni, na mtu akishalalamika kwamba halali anapewa kidonge na jirani: “Meza hiki, kesho utanishukuru.” Anayepewa mara nyingi ni mtu ambaye tatizo lake lina miaka. Akimeza na asilale, anaongeza cha pili, halafu cha tatu.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Mtu mzima anayekosa usingizi angalau siku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, ilhali muda na mahali pa kulala anavyo, na mchana wake unaharibika kwa ajili hiyo, huyo ana tatizo la usingizi lililo sugu. Kwake yeye melatonini si dawa ya kuanzia, na wengi wa aina yake haiwasaidii kitu cha maana. Mwaka 2017 American Academy of Sleep Medicine, chama cha wataalamu wa usingizi wa Marekani, ilishauri isitumike kwa watu wazima wenye tatizo hilo, iwe ni kuchelewa kupata usingizi au kuzinduka katikati ya usiku. Wenyewe walikiri kwamba ushahidi ni dhaifu, lakini ushauri wao ndio huo, na umetoka katika nchi ambako kidonge hiki kinauzwa dukani kama vitamini.

Ili kuelewa kwa nini, tuangalie homoni yenyewe inafanya nini. Inatengenezwa na tezi ya pineali iliyomo katikati ya ubongo. Aliyeitenga mara ya kwanza, mwaka 1958, ni Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale, daktari wa ngozi, aliyekuwa akichambua tezi za ng’ombe kutafuta kitu kinachobadili rangi ya ngozi. Usingizi haukuwa shida yake hata kidogo. Giza likiingia, tezi huanza kumwaga homoni hiyo kwenye damu takriban saa mbili kabla ya muda ambao mtu amezoea kulala, kiwango kinafika kilele kati ya saa 8 na saa 10 usiku, kisha kinashuka kuelekea alfajiri. Mwanga unaoingia machoni, hasa wenye rangi ya buluu, unaizima. Kazi yake basi ni ya mwadhini: inautangazia mwili kwamba usiku umeingia, haimbebi mtu hadi kitandani.

Mtu ambaye saa yake ya mwili, yaani mpangilio wa ndani unaoamua lini tulale na lini tuamke, imehama, tangazo hilo lililotolewa kwa wakati unaofaa linamrudisha. Mwenye tatizo sugu kwa kawaida hana shida ya kutangaziwa. Usiku ameshaujua, melatonini yake mwenyewe imeshatoka, na bado yuko macho, kwa sababu mwili wake umejifunza kwamba kitanda ni mahali pa kugeukageuka, kuhesabu madeni na kutazama saa. Ndiyo maana uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013, uliojumlisha tafiti 19 zenye washiriki 1,683, ulikuta melatonini inawahisha usingizi kwa takriban dakika 7 na kuurefusha kwa takriban dakika 8. Dakika hizo zipo kweli, si mawazo matupu. Ila anayekaa macho saa tatu kila usiku hawezi kuziona.

Sasa tuje kwenye kipimo, maana hapa ndipo makosa yanapozaliwa. Chupa nyingi tunazoziona zimeandikwa miligramu 5 au 10. Kidonge cha kawaida, kile kinachoyeyuka mara moja, nusu yake huondoka kwenye damu kila baada ya dakika 40 hadi 60 hivi, na sehemu kubwa inavunjwavunjwa na ini kabla hata haijafika kwenye mzunguko wa damu. Mtu angedhani basi kwamba kikubwa ndicho bora. Sivyo. Utafiti wa Irina Zhdanova na wenzake uliotoka mwaka 2001, kwa watu wenye umri mkubwa waliokuwa na shida ya usingizi, ulilinganisha miligramu 0.1, 0.3 na 3. Iliyofanya vizuri zaidi ni 0.3. Ile ya 3 ilishusha joto la mwili, na homoni ikabaki juu kwenye damu hata kulipopambazuka. Ukiwa na homoni ya usiku kwenye damu saa 2 asubuhi, utaamka kichwa kizito, mdomo mkavu, ndoto za ajabu bado zinakuzunguka, na saa ya mwili imevurugwa badala ya kupangwa. Mwenye kidonge cha 10 anameza zaidi ya mara thelathini ya kile kilichotosha.

Tena hujui kama ni 10 kweli. Marekani melatonini inauzwa chini ya sheria ya virutubisho ya mwaka 1994, si kama dawa, kwa hiyo hakuna anayekagua kila toleo kabla halijaingia dukani. Watafiti wa Kanada walipima bidhaa 31 na mwaka 2017 wakaripoti kwamba kilichomo ndani kilikuwa pungufu hadi asilimia 83 au zaidi hadi asilimia 478 ya kilichoandikwa, na robo yao zilikuwa na serotonini, kemikali nyingine ya mwilini, ambayo haikutajwa kabisa. Mwaka 2023 zikapimwa aina 25 za zile za kutafuna, laini kama jeli: 22 lebo zake hazikuwa sahihi, na moja haikuwa na melatonini hata chembe. Aliyekwisha kuinunua aangalie kama chupa ina alama ya USP Verified. Hiyo maana yake kuna chombo huru kilichopima. Haifanyi melatonini ikufae, inakuhakikishia tu unameza nini.

Nani basi inamfaa? Wapo.

Wa kwanza ni yule ambaye usingizi wake si mbovu bali umechelewa. Mara nyingi ni kijana. Analala saa 8 usiku, na akiachwa ataamka saa 4 asubuhi akiwa mzima kabisa. Balaa ni kwamba shule au kazi inamtaka saa 1 na nusu. Huyu anapewa nusu miligramu, si zaidi ya moja, saa nne hadi sita kabla ya muda anaopata usingizi kwa sasa. Kama hulala saa 8 usiku, ameze saa 3 usiku. Usingizi ukianza kuwahi, naye anarudisha nyuma muda wa kumeza. Asubuhi atoke nje kwenye jua nusu saa mara tu akiamka, usiku apunguze taa na aweke simu mbali. Kosa linaloharibu zoezi zima ni kumeza akiwa tayari amechoka kugeukageuka, saa 7 au saa 8 usiku. Tangazo lililochelewa linaweza kuisukuma saa ya mwili mbele zaidi, na kesho anachelewa kuliko jana. Kosa la pili ni kumeza halafu kukaa na simu usoni saa mbili. Mwanga hauizimi melatonini iliyotoka kwenye kidonge, lakini unaivuta saa ya mwili upande wa pili, kwa hiyo kidonge na simu vinavutana kamba na wewe uko katikati.

Wa pili ni msafiri anayevuka majira ya saa matano au zaidi kuelekea mashariki. Mfanyabiashara anayetoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda Guangzhou anavuka matano kamili. Anayerudi kwetu kutoka New York anavuka saba au nane kutegemea msimu wa kwao. Hawa wanameza kati ya nusu na miligramu 5 wakati wa kulala wa kule walikofika, kati ya saa 4 na saa 6 usiku, kwa siku chache tu za mwanzo. Kuzidisha 5 hakuongezi faida. Kumeza mchana ndani ya ndege kwa kuwa umechoka kunakuchelewesha kuzoea.

Wa tatu ni mwenye umri wa miaka 55 na kuendelea. Kwake kipo kidonge cha miligramu 2 kinachotoa dawa polepole usiku kucha, Circadin, kilichoidhinishwa Ulaya mwaka 2007. Humezwa saa moja au mbili kabla ya kulala, baada ya kula, kwa muda usiozidi wiki 13. Kimezwe kizima: ukikitafuna au kukikata unakigeuza kuwa kidonge cha kawaida. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2023 unakikubali kwa rika hilo hadi miezi mitatu. Tunashauri ufanye tathmini wiki ya tatu. Kama hakuna tofauti inayoonekana kwenye daftari la usingizi tunaloeleza huko chini, acha.

Kuna pia wasioona kabisa, ambao mwanga hauwafikii na saa yao ya mwili huteleza kidogo kila siku, na baadhi ya watoto wenye usonji. Hao wako mikononi mwa daktari wao, hatutaingia huko.

Hata kwa anayefaa, dawa nyingine anazotumia ni lazima ziangaliwe. Melatonini inavunjwa na kimeng’enya cha ini ambacho dawa kadhaa zinakizuia au kukichochea. Fluvoksamini, dawa ya sonona, inaipandisha mno, visichanganywe kabisa. Siprofloksasini, ambayo kwetu inaandikwa kwa kila tumbo linalouma, nayo inaipandisha, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vilevile. Rifampisini ya kifua kikuu na kabamazepini ya kifafa zinaishusha, sigara pia. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiguse melatonini bila daktari wake kujua na kupima damu. Mjamzito na anayenyonyesha waiache, kwani usalama wake kwao haujathibitika. Ukishameza usiendeshe gari wala bodaboda, na pombe haipatani nayo.

Kabla hata ya kufika huko, dawa nyingine zenyewe ndizo zinazofukuza usingizi, na hapa mfamasia ana faida kwako kuliko chupa yoyote. Anayetumia ARV zenye dolutegravir akazimeza usiku na usingizi ukapaa, azungumze na kliniki yake ahamishie asubuhi, asiache dawa. Prednisoloni imezwe asubuhi. Lasix, dawa ya kukojoza, ikimezwa jioni itakuamsha kwenda chooni hadi kuche. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini, vidonge vya aminofilini vya pumu, vyote vinakesha na wewe. Kafeini nusu yake inabaki mwilini kama saa tano, kwa hiyo kahawa chungu ya saa 12 jioni bado iko kazini saa 5 usiku, na chai ya rangi nzito pamoja na vinywaji vya kuongeza nguvu ni hivyohivyo. Miraa hatuna haja ya kuieleza, kinacholiwa jioni kinaliwa ili mtu akeshe.

Akikoroma sana na mwenzake akishuhudia pumzi zinakatika kisha anashtuka, huyo ana tatizo la njia ya hewa na anahitaji hospitali. Miguu ikimtambaa usiku na kumlazimisha kuichezesha, apimwe akiba ya madini ya chuma, hasa akiwa mjamzito. Anayezinduka saa 9 usiku kila siku, hana hamu ya chakula wala ya watu, yawezekana ni sonona, na hiyo ina tiba yake.

Baada ya kuyaondoa hayo, inabaki tiba ambayo American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, mwaka 2016 iliiweka ya kwanza kwa kila mtu mzima mwenye tatizo sugu, na miongozo ya Ulaya ikakubaliana nayo: tiba ya fikra na tabia kwa ajili ya usingizi. Haiuzwi kwa chupa, nadhani ndiyo sababu haina anayeipigia debe. Uti wa mgongo wake tunaueleza hapa.

Chukua daftari la shule. Kwa wiki mbili, kila asubuhi andika ulipanda kitandani saa ngapi, unakadiria usingizi ulikuchukua saa ngapi, ulikaa macho muda gani katikati, ulitoka kitandani saa ngapi. Kadiria tu, usiiangalie saa usiku. Tuseme mtu anapanda saa 3 usiku na kutoka saa 12 asubuhi. Hiyo ni dakika 540 kitandani. Daftari linasema kwa wastani analala dakika 330, yaani saa tano na nusu. Gawanya 330 kwa 540: asilimia 61. Muda uliobaki, saa tatu na nusu, ni wa kufundishwa na kitanda kukesha.

Sasa kitanda kinapewa muda uleule anaolala kweli, saa tano na nusu, wala usishuke chini ya saa tano hata daftari likisema pungufu. Chagua saa ya kuamka isiyobadilika, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kama ni saa 11 alfajiri, basi kitandani hapandi kabla ya saa 5 na nusu usiku. Kila mwisho wa wiki anapiga hesabu upya. Akilala dakika 290 kati ya 330, hiyo ni asilimia 88. Ikifika 85 au zaidi anaongezewa dakika 15, anapanda saa 5 na robo. Ikiwa chini ya 80, anapunguza dakika 15, bila kuvuka ule mpaka wa saa tano. Katikati ya hapo, anabaki alipo. Hivyo hivyo kwa wiki nne hadi nane.

Kitanda kiwe cha kulala na tendo la ndoa basi. Ukihisi umekaa macho kama dakika 20, toka. Mwenye sebule akae sebuleni. Mwenye chumba kimoja atandike mkeka pembeni au akae kwenye kigoda, taa hafifu, kitu kisichosisimua mkononi, arudi kitandani macho yakianza kuwa mazito. Usiku wa kwanza anaweza kutoka mara tano. Ndivyo inavyokuwa.

Wiki ya kwanza na ya pili mtu anakuwa na hali mbaya kuliko alivyoanza, na hapo ndipo wengi huacha wakisema haifanyi kazi. Uchovu huo ndio dawa yenyewe: njaa ya usingizi inajikusanya hadi inakishinda kitanda kilichozoea kukesha. Kwa hiyo kinachoiba njaa hiyo kinaharibu hesabu. Adui mkubwa kwetu ni kochi. Mtu anasinzia mbele ya taarifa ya habari saa 2 usiku dakika arobaini, kisha analalamika kwamba saa 5 na nusu usingizi haukuja. Mwingine ni kurudi kulala. Anayeamka kwa swala ya alfajiri tayari ana saa nzuri ya kuamkia, lakini akishaswali akajilaza tena hadi saa 3 asubuhi, daftari lake halitasogea. Usingizi wa mchana uachwe. Ukishindikana, usizidi dakika 20 na uishe kabla ya saa 9 alasiri.

Hesabu hii ya kupunguza muda wa kitanda isifanywe peke yake na mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, anayetembea usingizini, mwenye kukatika pumzi asiyetibiwa, wala dereva wa basi au lori na anayeendesha mitambo. Kwao usingizi ukipungua hata kwa wiki moja ni hatari, wawe na mtaalamu anayewafuatilia.

Neno kuhusu mbadala unaopendwa mitaani. Piritoni inasinzisha, lakini mwili huizoea ndani ya siku chache, na kwa wazee inaleta kuchanganyikiwa, mkojo kuziba na kuanguka. Diazepamu (Valium) hukaa mwilini kwa siku kadhaa, inajikusanya, na mzee anayeimeza usiku anaanguka asubuhi akienda msalani. Anayeitumia kila siku kwa wiki kadhaa asiiache ghafla akahamia melatonini, kwa maana anaweza kupata degedege. Ipunguzwe na daktari polepole, kwa kawaida kati ya sehemu moja ya kumi na robo ya dozi kila wiki mbili.

Na zile za kutafuna, zenye ladha ya tunda, zikae juu kabatini chini ya ufunguo. Marekani, taarifa za watoto waliomeza melatonini zilizopokelewa na vituo vya sumu zilitoka 8,337 mwaka 2012 hadi 52,563 mwaka 2021. Wengi hawakudhurika sana, ila baadhi walilazwa. Mtoto akila chupa, msimtapishe. Mpelekeni kituo cha afya mkiwa na chupa yenyewe mkononi, ili anayempokea aone kilichoandikwa na akadirie vilivyobaki.

Wafamasia wawili,
Tanga